Msonyo Ndani ya Spika

Spika zetu za zamani zilikuwa mbovu, na mimi nazisifu mpaka leo. Zilikuwa kazi ya seremala wa mtaa wa pili. Aliunda masanduku ya mvule, mbao nene kama za mlango wa mbele, na ndani yake akatia koni alizozipata pale sinema ya mjini ilipobadilisha vyombo vyake. Kwa macho zilipendeza. Kwa masikio, wallahi, zilikuwa nyuki ndani ya mtungi. Ukipiga santuri ya fidla, nyuki. Ukipiga kanda ya taarabu, ya udi na kanuni, nyuki wale wale, ila sasa wameshiba.

Baba alizipenda hivyo hivyo. Alikuwa karani mstaafu wa forodha, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na saa ya mfukoni, na kila siku baada ya sala ya alasiri alifungua madirisha ya sebule yetu yanayotazama njia. Rafiki zake walikaa nje barazani na vikombe vyao vya kahawa chungu, naye akiwapigia muziki kutoka ndani. Akipenda muziki kupita kiasi, na akipenda heshima kupita muziki. Ukitaka kumfahamu baba yangu, shika hayo mawili tu, mengine ni nyongeza.

Basi mwaka mmoja, katikati ya miaka ya themanini, mmoja wa hao rafiki alikwenda Mombasa kumtembelea mwanawe, akarudi na maringo ya kusikia spika za kisasa. Akakaa pale barazani, akanywa kahawa ya baba, kisha akasema kwamba spika za baba zaimba na tonge mdomoni. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini usiku hakula. Korosho za shamba letu la Magarini zilikuwa zimekubali mwaka huo, na asubuhi yake akatangaza kwamba anatafuta spika mpya, si za kupiga kelele, spika za haki, za mtu mzima anayejua kusikiliza.

Na mchaguzi atakuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa mwisho, sijaolewa, na kazi yangu ilikuwa opereta wa simu pale posta. Siku nzima nilikuwa na chombo sikioni, nikiunganisha watu wa Malindi na dunia, na baba alijisifia jambo hilo kama kwamba ameyaumba masikio yangu kwa mikono yake. Akiwaambia wenzake kwamba binti yake huweza kumjua mtu kwa kikohozi tu, hata akiwa Lamu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mama alipoyasikia hayo ya spika mpya aliacha mchele kwenye ungo, akanivuta jikoni, akafunga mlango.

Hapa lazima nieleze. Kwetu harusi ina pande mbili. Wanaume huozesha, hula halua yao, huenda zao. Wanawake wana ukumbi wao, na yanayoimbwa mle hakuna mwanamume anayeyauliza. Mama yangu aliolewa akiwa mwimbaji. Bibi yangu mzaa baba, mwanamke mkali, alitia sharti kwamba mkwewe aache kuimba, na baba, bwana harusi kijana, akamuunga mkono mama yake, akasema kwa mdomo wake kwamba sauti ya mkewe ni ya ndani. Mama akajibu ndiyo. Kisha akaendelea kuimba maisha yake yote. Alitoka nyumbani na mwiko mkononi, ati anakwenda kusaidia kupika pilau ya harusi, akarudi sauti imemkauka. Baba akimuuliza, alisema ni moshi wa kuni. Maskini baba, alikuwa akimchemshia tangawizi. Nusu ya mji ilijua na nusu haikujua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya kanda. Katika harusi moja ya Mambrui mtu alitia redio kaseti chini ya kiti, akarekodi. Nakala zikatembea mpaka zikavuka kwa wanaume, na mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ni yeye aliyezivusha. Baba yake bibi harusi akampa baba yangu kanda moja kwa zawadi. Huyo mwenye zawadi alikuwa ameambiwa na mkewe, mwanamke mwepesi wa kusema uongo mzuri, kwamba mwimbaji aliletwa kutoka Mombasa.

Baba akaipenda kanda ile kama mali ya urithi. Kila alasiri aliipiga, na nyuki wakiimba, aliwaambia wenzake: msikilizeni huyu mwanamke wa Mombasa, mashaallah, sauti imetulia kama maji ya kisima. Akisikitika kwamba Malindi hatuna mwanamke wa sauti kama ile. Na mama yuko nyuma ya pazia, anachagua mchele, ameuma pindo la leso asicheke. Mimi nilikuwa nikikimbilia uani. Kwa zaidi ya mwaka mzima baba alimsifu mkewe mbele ya wanaume wote wa mtaa, na hakuna aliyejua, kwa sababu zile spika zilikuwa hazimtambulishi mtu hata kwa mamake mzazi.

Lakini si kicheko tu. Mtaa wa nyuma kulikuwa na bwana mmoja aliyekaa kwa kinyozi anyolewe ndevu, kanda nyingine ya harusi ikapigwa, na mtu akamwambia kwamba anayeimba ni mkewe. Akainuka na ndevu nusu, akaenda nyumbani, na yule bibi akafungasha nguo zake kwenda kwa kaka yake. Habari ilipojadiliwa kwetu barazani, baba alisema wazi kwamba lau angekuwa yeye, hangemrudisha. Mama aliyasikia maneno hayo kupitia dirishani. Hakuwahi kuyataja, lakini tangu siku ile akawa hakai tena kuchagua mchele karibu na pazia.

Kwa hiyo mle jikoni alinishika mkono, vidole vyake vina pumba za mchele.

"Wewe ndiwe masikio yake," akaniambia. "Zikiwa nzuri, mwambie mbaya. Zikiwa mbaya, mwambie nzuri. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Mimi uzee huu sitaki kwenda kuuanzia nyumbani kwa kaka yangu."

Nilikubali.

Tulianza kwa Mhindi wa pale mjini, muuza mafeni, pasi na redio. Yeye na baba walijuana tangu zama za forodha, na mapenzi yao yalikuwa ya kugombana. Akatutolea spika za Kijapani zilizozungushiwa fedha, na taa ndogo zinazocheza kwa mdundo. Akapiga wimbo wa filamu ya kwao. Besi yake ilikuwa nzito hata birika za kwenye rafu zikagongana vifuniko. Baba akatoa kanda ya Mambrui mfukoni, akampa.

Moyo ulinidunda nikadhani nao unasikika. Wimbo ukaanza, na ngoma ikaja mbele, dumu, dumu, dumu, kama mtu anatwanga kisamvu kichwani mwako, na mama yangu akapotea kabisa. Hakuna mwimbaji, hakuna kanuni, hakuna Mambrui. Sijapata kusikia spika mbaya zaidi ya hizo, na nilitamani kuzibusu.

Nikasema, baba, ndizo hizi, tusitafute zaidi. Baba akanitazama kwa huruma, akaniuliza asubuhi nimekula nini. Akasema zile spika zimemvika yule mwanamke gunia. Mhindi akakasirika, akasema hakuna mtu Malindi aliyewahi kuzilalamikia, na baba akamjibu kwamba ni kwa sababu hakuna mtu Malindi aliyewahi kuzisikiliza. Wakarushiana maneno ya namna hiyo mpaka ikaletwa chai. Tulipokuwa tukinywa, yule Mhindi, mtu mwema kwa kweli, ijapokuwa siku hiyo nilimlaani, akasema kuna mteja wake Mtaliani, anakaa ng'ambo ya Kilifi, pale Mnarani. Anarudi kwao. Ana spika za Kiingereza ambazo yeye mwenyewe alizisikia mara moja tu, na zile za dukani zikamtia aibu wiki nzima.

Nilipomweleza mama, alitia nazi kwenye mbuzi akaikuna kwa nguvu. Akasema Mnarani ni mbali, na inshallah feri itaharibika.

Feri haikuharibika. Tulikwenda siku ya mapumziko yangu kwa pikapu ya jirani, baba mbele na koti lake juu ya kanzu, kikapu cha kanda amekipakata. Ile kanda ya Mambrui aliiweka juu kabisa, ndani ya kasha lake. Njia nzima alinieleza jinsi ya kujaribu spika: usitazame, sikiliza, usisikilize ngoma, kila spika inaweza ngoma, sikiliza mtu. Nami nilikuwa natazama miti ya mikonge inavyopita, naomba Mungu.

Nyumba ilikuwa juu ya mlangobahari, kuta nyeupe, paa la makuti, na ndani nusu ya vitu vimekwisha fungwa kwenye makasha. Mtaliani alikuwa mrefu, kipara kimeungua jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia samaki. Kila kitu kwake kilikuwa "hii": hii spika, hii mzee, hii watu. Baba, ambaye mtu akikosea salamu humuuma tumbo, alivumilia. Walipofika kwenye habari za sauti wakaelewana vizuri kuliko mimi na wote wawili.

Spika zenyewe zilikuwa nyembamba, ndefu, zanifika kifuani, zimesimama mbali na ukuta kama wageni waliokataa kukaa. Hazikuwa na taa wala fedha. Mtaliani akaweka kiti kimoja katikati ya chumba, akachukua uzi, akapima kutoka kwenye kiti mpaka spika hii, kisha mpaka ile, akasogeza kidogo, akapima tena. Akamkalisha baba, akamwambia asigeuze kichwa. Baba, ambaye tangu aache forodha hakuna aliyemwamrisha, akatulia kama mtoto anayenyolewa.

Akapiga santuri ya mwanamke wa kwao akiimba na piano. Jamani. Yule mwanamke alikuja akasimama pale katikati ya zile spika mbili, mahali pasipo na kitu, na mimi nikageuka kumtafuta. Nilimsikia anafungua midomo. Nilimsikia anameza mate. Nyuma yake kuna mtu aligeuza karatasi, nikaisikia karatasi. Nilifanya kazi ya kusikia watu kwa miaka na sikujua kwamba mtu husikika hivyo. Niliona raha mwili mzima, halafu nikamkumbuka mama, na raha yote ikageuka jasho. Ndani ya chombo hiki hakuna wa kujificha.

Baba alikuwa amefumba macho. Akasema kidogo tu, "Lo." Kisha akainama kwenye kikapu, akatoa kasha la juu, akampa Mtaliani kanda. Nikasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo.

Kumbe mama alishaamka alfajiri akafanya yake. Ndani ya kasha la Mambrui alikuwa ametia kanda ya Kurani. Msomaji akaanza, na baba, ambaye mkono wake ulikuwa tayari kupiga mdundo gotini, akaushusha. Sasa nani atasema zima? Mimi nikavuta buibui kichwani. Baba akainamisha kichwa, viganja juu ya mapaja. Mtaliani akatutazama, akatazama mashine, akaizima sigara yake taratibu, akakaa sakafuni. Sura ilikuwa ndefu. Tuliisikiliza yote, sisi watatu, kwenye nyumba iliyojaa makasha, mpaka mwisho.

Ilipokwisha, baba alikuwa na machozi. Akaniambia kwamba maneno yale ameyasikia tangu utotoni, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuisikia pumzi ya msomaji kabla ya aya. Kuhusu kanda, alijilaumu mwenyewe kwa uzee. Na Mtaliani, sijui kilimgusa nini, akasema tuzichukue hizo spika, tukae nazo nyumbani mpaka Ijumaa. Zikitupendeza tutazungumza, zisipotupendeza turudishe. Hila ya mama ndiyo iliyozileta Malindi.

Mama alitupokea mlangoni na tabasamu la mke aliyeletewa mke mwenza. Hata hivyo alifukiza udi, maana mgeni ni mgeni. Kisha akaanza. Mara zimemzuia kupita na sinia. Mara hewa yetu ya chumvi itazila. Mara zitashtua watoto, na watoto wenyewe ndani ya nyumba hamna. Akazifunika leso kwa ajili ya vumbi, baba akafunua, akafunika tena. Na ile kanda ya Mambrui akaizika ndani ya pipa la mchele.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba aliitafuta kanda yake siku mbili, akapekua makabati, akanishuku mimi, akamshuku jirani, halafu akatulia ghafla. Alhamisi mchana akavaa kofia, akaenda Mambrui kwa yule baba yake bibi harusi, akarudi anachekacheka. Alikuwa amepewa si nakala, bali kanda yenyewe, ile ya kwanza, iliyokuwa ndani ya ile redio chini ya kiti. Kama mama angeacha ile nakala iliyochakaa mahali pake, pengine tungeponea hapo. Baba alikuwa amewaalika wenzake wote, na yule wa tonge mdomoni wa kwanza wao, waje baada ya alasiri. Akarudi kutoka msikitini kabla yao ili aijaribu.

Akanikalisha kigodani kando yake. Kiti chake kilikuwa katikati, amepima kwa uzi wa cherehani ya mama. Pazia la ndani lilikuwa limeshuka, na chini yake nikaiona miguu ya mama, ya hina iliyofifia.

Wimbo ukaanza. Ngoma ikakaa mahali pake, kanuni ikakaa mahali pake, na mama yangu akaingia sebuleni akasimama mbele yetu. Niliisahau hofu yote. Nilikuwa nimemsikia kumbini mara nyingi, lakini katikati ya vigelegele na watoto na sahani. Sikuwahi kumsikia peke yake. Alikuwa mwimbaji kweli kweli, na nikaona fahari hata nikataka kumshika baba mkono nimwambie.

Baba aliinama mbele. Alikuwa anasikiliza kwa mwili wote, na uso wake haukubadilika. Ndipo nikafahamu kwamba hamjui. Alikuwa hajawahi kumsikia mkewe akiimba, basi ataijuaje sauti yake? Nikaanza kutumaini. Nikasema moyoni, tumepona, huyu atabaki wa Mombasa.

Kufika beti ya pili mpiga ngoma akaenda mbio. Na pale kwenye nafasi ndogo kabla ya kuingia beti, mwimbaji akamsonya.

Si msonyo wa watu wote. Ulikuwa ule mrefu, unaoanzia kwenye jino la pembeni, unapanda kidogo, kisha unakatwa. Baba alisonywa hivyo akichelewa chakula, akisonywa hivyo akikanyaga mkeka na viatu, akisonywa hivyo akisema kodi ya maji amekwisha lipa na kumbe hajalipa. Alikuwa ameula msonyo ule ndoa nzima. Mgongo wake ukanyooka.

Akarudisha kanda. Akasikiliza tena. Msonyo ukaja tena, safi, kama uko chumbani. Akasimamisha mashine, akavua kofia, akaiweka gotini. Kisha akageuka, akaiona ile miguu chini ya pazia. Miguu haikukimbia. Ilibaki pale pale.

Hodi ikapigwa. Walikuwa wamefika wote.

Nilijua sasa mama ataaibishwa mbele ya wanaume. Baba akainuka, akatoa ile kanda, akaitia mfuko wa ndani wa kanzu, akang'oa nyaya. Akaniambia kwa sauti ya kawaida niunganishe spika za mvule, nifanye haraka. Nilifanya haraka hata nikaunganisha moja vibaya. Wageni walipokaa, akawaeleza kwamba spika za Mtaliani ni nzuri kwao Ulaya, huku zimeshindwa na hewa ya chumvi. Yule wa tonge akasikitika, akasema basi angalau tupigiwe yule mwanamke wa Mombasa kwa hizi za zamani. Baba akajibu kwamba kanda imeliwa na mashine. Yule bwana hakutosheka, akauliza kama hawezi kuagiza nyingine.

"Yule ni mke wa mtu," baba akasema. "Tumwache."

Wakasikiliza nyuki mpaka kahawa ikaisha.

Jikoni mama alikuwa anapika wali wa nazi huku buibui lake liko begani, na kando ya mlango ameweka furushi. Aliniambia nikampe taarifa kaka yake. Nikamwambia baba hakusema kitu barazani. Akasema mtu wa heshima hasemi barazani, husema wageni wakiondoka. Alikuwa analia, na alikuwa ameghadhibika pia, maana alikoroga ule wali kama una deni naye. Mimi nikakaa uani kuosha vikombe. Hakuna aliyeniambia niondoke, nami sikuondoka.

Magharibi bado, baba akatokea kwenye mlango wa jikoni. Akaliona furushi.

"Harusi zote za mji huu umeziimba," akasema. "Mimi umeniimbia lini?"

Mama hakugeuka. "Uliniambia ninyamaze nyumbani mwako, nami nikanyamaza. Kuna siku umenisikia humu?"

Ni kweli, na mpaka siku ile mimi sikuwa nimelifikiria. Hakuwahi kuimba akifua, hakuwahi kuimba akitwanga, hata kutubembeleza tulipokuwa wadogo alitupigapiga mgongo tu. Mji mzima ulikuwa na sauti ya mama yangu isipokuwa nyumba yetu. Sharti la baba alikuwa amelitimiza vizuri kuliko alivyotaka mwenyewe.

Baba akasema yale maneno ya zamani, ya sauti ya ndani, ameyafuta. Mama akamuuliza, na yale ya yule wa kwa kinyozi, kwamba hungemrudisha? Baba akasema hayo yalikuwa ya barazani, na ya barazani huachwa barazani. Mama akamwambia kwamba yeye yalimfuata mpaka jikoni, na amelala nayo tangu siku ile. Baba hakujitetea. Alisema, "Basi niwie radhi, mke wangu." Sikuwahi kumsikia akimtaka radhi mtu, hata pale alipokosea mwenyewe hesabu za kiinua mgongo chake, akawafokea watu wa forodha bure.

"Nina wali motoni," mama akasema.

"Upike. Nitangoja."

Spika za Mtaliani hazikurudi Mnarani. Baba alikwenda Ijumaa kumalizana naye, na tangu hapo zikakaa chumba cha ndani, kwao wawili, zimesimama mbali na ukuta. Barazani mambo yaliendelea kuwa ya nyuki, na yule bwana wa tonge mdomoni aliendelea kumcheka baba kwa miaka, na baba alimwacha acheke. Mama hakubeba tena mwiko kwenda harusini. Alitoka mikono mitupu, na baba alimuuliza tu atarudi saa ngapi.

Lakini jioni ile spika zilikuwa bado sebuleni, nyaya zimeng'olewa. Baba alikwenda akakichukua kile kiti cha katikati alichokipimia kwa uzi, akakileta, akakiweka kwenye mlango wa jikoni, akaketi. Mama akapalia makaa juu ya kifuniko cha wali. Akalisukuma furushi kwa mguu mpaka chini ya meza. Kisha, bado ametupa mgongo, akaanza ule wimbo wa Mambrui, chini chini, sauti ina machozi kidogo, halafu ikanyooka. Baba akafumba macho. Ilipofika beti ya pili hakuweza kujizuia, akaanza kupiga mdundo kwa kiganja kwenye ubao wa kiti, na akaenda mbio.

Mama akamsonya.